Salamu za Pasaka 2026: Jumapili mbili, jedwali moja

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Kristo amefufuka!

Kila msomaji amekwisha kuitikia mojawapo, na kwa mwitikio wake tumejua anasali wapi. Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wamoravian, Wapentekoste na wenzao, heri ya Pasaka ya Jumapili hii, Aprili 5. Waorthodoksi, Wakopti wa Misri na Waethiopia bado wamo mfungoni. Yao ni Aprili 12, nasi tunawatangulizia heri mapema tusije tukasahau pilau ikishaiva.

Mwaka huu mifungo ilikaribiana ajabu. Wakopti walianza Februari 16, Jumatano ya Majivu ikawa Februari 18, Ramadhani ikaingia wiki hiyo hiyo, na Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki wakaanza Jumatatu ya Februari 23. Nyumba yenye ukoo wa mchanganyiko ilipika chakula cha mchana cha watu wachache mno. Na kama ilivyo kila mwaka, watu wakaulizana: mbona Pasaka inahamahama, na mbona hawa ndugu wengine wana siku yao? Tumeona salamu za mwaka huu zijibu hilo, maana hakuna mahali ambapo undugu wa madhehebu unaonekana waziwazi kama kwenye hesabu ya Pasaka, hata pale wanapoigombania.

Kutumiana salamu za Pasaka zenyewe ni desturi iliyozaliwa Afrika. Aleksandria ya Misri ilikuwa mji wa wajuzi wa nyota, kwa hiyo askofu wake ndiye aliyepiga hesabu na kuwatangazia wengine. Kila mwaka aliandika barua ikasomwa makanisani Misri nzima na Libya. Ilikuwa na mpango wake: salamu, tafakari ya majira, kisha mwishoni kile ambacho kila mtu alikuwa akikingojea, yaani siku ya kuanza mfungo, siku ya kuingia Juma Kuu, siku ya Pasaka na siku ya Pentekoste. Kijiji kisichopata barua kilifunga kwa kubahatisha.

Barua moja kati ya hizo imo mkononi mwa kila msomaji wa Biblia, hata kama hajui. Katika barua yake ya 39, ya mwaka 367, Athanasius wa Aleksandria aliorodhesha vitabu vya kusomwa kanisani, na hiyo ndiyo orodha ya kale kuliko zote zinazojulikana yenye vitabu vile vile 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo, bila kupungua wala kuzidi. Mhubiri wa mkutano wa injili anayeinua Biblia juu na kusema yeye hana habari na mapokeo ameinua pamoja nayo orodha iliyomo katika salamu za sikukuu.

Na huyo askofu wa Aleksandria aliitwa Papa. Neno ni la Kigiriki, lina maana ya baba kwa namna mtoto anavyomwita baba yake nyumbani, na Heraclas wa Aleksandria, katikati ya karne ya 3, ni miongoni mwa maaskofu wa kwanza wanaojulikana kuitwa hivyo. Upande wa Magharibi, Roma ililifanya jina hilo kuwa la askofu wake peke yake katika karne ya 11 tu. Hadi leo mkuu wa Wakopti ni Papa Tawadros II, na mkuu wa Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki barani Afrika anaitwa rasmi Papa na Patriaki wa Aleksandria. Waorthodoksi wa Uganda na Kenya, ambao chimbuko lao ni kazi aliyoianza Reuben Spartas Mukasa, Mganda aliyetoka Uanglikana mwaka 1929, na ambao Aleksandria iliwapokea mwaka 1946, wako chini ya Papa huyo. Kwa hiyo anayesema kwamba Papa ni wa Wakatoliki tu, ahesabu tena.

Turudi kwenye ugomvi. Karne ya 2, Wakristo wa Asia Ndogo walifanya Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa Wayahudi, iwe Jumatatu au Alhamisi. Roma ilifanya Jumapili. Mnamo mwaka 155 Polycarp, askofu wa Smirna, mzee aliyekuwa amewaona waliomwona Bwana, alikwenda Roma kuzungumza na Papa Anicetus. Hawakuelewana. Hata hivyo Anicetus akampisha Polycarp aongoze Ekaristi katika kanisa lake yeye, wakaagana kwa amani. Mnamo mwaka 190 Papa Victor I, ambaye kumbukumbu za Roma zinasema alikuwa Mwafrika, akataka kuwatenga kabisa wale wa Asia kwa jambo hilo hilo. Irenaeus wa Lyon, aliyekuwa na msimamo wa Jumapili kama yeye, alimwandikia kumkanya na kumkumbusha kile alichofanya Anicetus. Kwa maoni yetu ofisi ya Roma tangu hapo imekuwa na watu hao wawili ndani yake, anayempisha mgeni altareni na anayefunga mlango, na kila dhehebu linamkumbuka yule aliyelikuta.

Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliamua wote wafanye siku moja. Nikea haikuacha kanuni ya hesabu iliyoandikwa neno kwa neno. Kanuni tunayoijua, yaani Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ni ya wapiga hesabu wa Aleksandria, na Roma ilichukua muda kuizoea. Mwaka 455 ndio uliotia fora. Miaka minne kabla, kwenye Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, Papa Leo I wa Roma na Papa Dioscorus wa Aleksandria walikuwa wametengana vibaya, Dioscorus akavuliwa cheo, na mpasuko huo ndio uliowatenga Wakopti na Waethiopia na wengine hadi leo. Sasa mahesabu nayo yakapishana: Roma ilipata Aprili 17, Aleksandria ikapata Aprili 24. Leo aliuliza, akaandika barua, akalalamika, halafu akakubali tarehe ya Aleksandria ili watu wasivunjike vipande kwa siku moja. Anaitwa Leo Mkuu kwa mengine, lakini sisi tungempa jina hilo kwa wiki hiyo moja.

Watakaokwenda Mkesha wa Pasaka Jumamosi usiku wataona jambo lingine kwa macho yao. Moto unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaletwa, na padre anauchora kwa ncha ya chuma: kwanza msalaba, juu yake Alfa, chini yake Omega, kisha tarakimu nne za mwaka katika pembe nne za msalaba. 2 juu kushoto, 0 juu kulia, 2 chini kushoto, 6 chini kulia. Halafu chembe tano za ubani zinapachikwa kwa mfano wa madonda matano. Walutheri na Waanglikana wengi nao wana mshumaa huo huo. Hizo tarakimu nne ni mtoto wa jedwali la Pasaka, yaani orodha ya tarehe za Pasaka za miaka ijayo. Mwaka 525, hapo Roma, mmonaki Dionysius Exiguus alikuwa akiliendeleza jedwali la Aleksandria kwa miaka 95 zaidi, yaani mizunguko mitano ya miaka 19. Jedwali hilo lilihesabu miaka tangu utawala wa Diocletian, mtesaji wa Wakristo. Dionysius hakutaka kumtunzia dhalimu kumbukumbu, akaanza kuhesabu tangu kumwilishwa kwa Bwana. Alikosea kwa miaka michache, kwa kuwa wanahistoria wengi wanakiweka kifo cha Herode mwaka 4 KK, na Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Lakini hesabu ikashika, na leo iko kwenye risiti ya duka na cheti cha kuzaliwa. Wakopti waliibakiza ile ya Diocletian, ila wanaiita miaka ya Mashahidi.

Jedwali likiwa mawili, hata meza ya jikoni inapasuka. Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, Mfalme Oswiu alifuata hesabu ya Waairishi na malkia wake Eanflæd alifuata ya Roma. Mmonaki na mwanahistoria Bede anasimulia kwamba ilifika mahali mfalme anafungulia na kula Pasaka, malkia na watu wake bado wamefunga, kwao ndiyo Jumapili ya Matawi. Kikao kikaitwa Whitby mwaka 664. Mfalme aliposikia kwamba Roma inashika mapokeo ya Petro mwenye funguo za mbinguni, akasema hatabishana na bawabu, asije akafika mlangoni akakosa wa kumfungulia. Kanisa la Uingereza likafuata Roma. Limejitenga na Papa tangu 1534, ila jedwali halikulirudisha.

Kilichokuja kuleta tarehe mbili za leo ni dakika 11. Kalenda ya Julius Caesar iliufanya mwaka kuwa siku 365 na robo, na mwaka halisi wa jua ni pungufu ya hapo kwa takriban dakika 11. Dakika hizo zinatimia siku nzima kila miaka 128 hivi. Kutoka Nikea hadi 1582 ni miaka 1257. Gawanya, utapata karibu siku 10. Siku ambayo mchana na usiku hulingana, iliyotakiwa kuwa Machi 21, ilikuwa imerudi nyuma hadi Machi 11. Papa Gregory XIII, kwa hati ya Februari 24, 1582, akazifuta siku 10: Alhamisi Oktoba 4 ikafuatwa na Ijumaa Oktoba 15. Teresa wa Ávila alifariki usiku huo huo, ndiyo maana sikukuu yake ni Oktoba 15. Ili kosa lisirudi, miaka inayotimia karne haiwi mirefu isipokuwa inayogawanyika kwa 400. Ndiyo sababu 1900 haikuwa na Februari 29 na 2000 ilikuwa nayo. Jedwali la mwezi nalo lilisahihishwa, kwani lilikuwa limechelewa siku kadhaa. Waliolitengeneza ni Luigi Lilio, tabibu wa Calabria aliyefariki kabla ya kuona matunda, na Mjesuiti Christopher Clavius.

Hesabu ilikuwa sahihi, sahihi chini yake ilikuwa ya Papa, na hapo ndipo shida. Waprotestanti wa Ujerumani waliikubali kalenda mwaka 1700, na hata hivyo Pasaka wakawa wanaitafuta kwa vipimo vyao vya nyota hadi 1776. Uingereza ilingoja hadi 1752, ikalazimika kufuta siku 11 kwa sababu kosa lilikuwa limeongezeka. Sweden ilitaka kubadili taratibu, ikachanganyikiwa katikati, na mwaka 1712 ikawa na Februari 30. Kitabu cha Sala cha Waanglikana wa Uingereza kina majedwali ya Pasaka ambayo hayamtaji Gregory popote na yanatoa jibu lile lile la Gregory mwaka baada ya mwaka. Na ofisi za serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zinapofungwa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, zinafungwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Anayetaka kuipiga mwenyewe, ni hivi. Gawanya mwaka kwa 19, chukua baki, ongeza 1. Kwa 2026 baki ni 12, kwa hiyo namba ya dhahabu ni 13. Ni 19 kwa sababu miaka 19 ya jua inakaribia sana miezi 235 ya mwezi, kisha mwezi hurudia tarehe zake. Kwenye jedwali la Gregory namba 13 ina mwezi mpevu Aprili 2. Mwaka huu hiyo ni Alhamisi, Jumapili inayofuata ni Aprili 5. Mwaka ujao rudi nyuma siku 11: Machi 22, ambayo ni Jumatatu, Pasaka Machi 28, 2027. Ukirudi 11 tena unaangukia Machi 11, kabla ya Machi 21, basi ongeza siku 30: Aprili 10, Pasaka Aprili 16, 2028. Halafu Machi 30, Pasaka Aprili 1, 2029.

Wengi hukosea mwaka wa 2030. Ukifuata kanuni kibubusa utapata Aprili 18, lakini jedwali linasema 17. Namba ya dhahabu ya 6 imekwisha kuchukua Aprili 18, na waliolitengeneza hawakutaka namba mbili za mzunguko mmoja zigongane, kwa hiyo ya 17 inasogezwa siku moja. Pia ukitoka namba 19 kurudi 1 unapunguza siku 12 badala ya 11. Na mwezi mpevu ukiangukia Jumapili yenyewe, Pasaka ni Jumapili inayofuata, kamwe si siku hiyo.

Kosa lingine ni kutazama juu. Mwaka 2019 mwezi ulijaa Machi 21, saa chache baada ya mchana na usiku kulingana, watu wakauliza kwa nini Pasaka imewekwa Aprili 21. Kanisa halifuati mwezi wa angani, linafuata mwezi wa jedwali, na jedwali la mwaka ule lilisema Aprili 18. Wasomaji wetu Waislamu, wanaojua mjadala wa mwezi mwandamo kuliko sisi, wataona Wakristo waliukwepa kwa kuuhamishia kwenye karatasi, wakaenda kugombania karatasi.

Waorthodoksi wanapiga hesabu hiyo hiyo kwa jedwali la zamani. Kwao namba 13 ni Machi 24 ya kalenda ya Julius. Ongeza siku 13 za tofauti, unapata Aprili 6, Jumatatu. Jumapili inayofuata ni Aprili 12. Mwezi halisi utakuwa umekwisha kuanza kupungua siku nne kabla, na wao wanalijua hilo. Mwaka 2027 jedwali lao linaangukia Jumapili Aprili 25, kwa hiyo Pasaka yao inasogea hadi Mei 2, wiki tano baada ya wengine. Mwaka 2028 yote mawili yanatoa Aprili 16. Ile habari kwamba wanangoja Pasaka ya Wayahudi ipite kwanza inapendwa sana, lakini haimo kwenye hesabu. Jambo lingine linalochanganya watu: Waorthodoksi wengi walio chini ya yule Patriaki wa Aleksandria wa mapokeo ya Kigiriki hufanya Krismasi Desemba 25 pamoja nasi, kwa kuwa walisahihisha sikukuu zisizohama na kuiacha Pasaka ilivyo. Wakopti na Waethiopia ndio wenye Januari 7.

Suluhisho lipo mezani tangu kikao cha Aleppo cha 1997 kilichoitishwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni: kanuni ya Nikea ibaki, mwezi na jua vipimwe kwa elimu ya nyota ya kisasa, mahali pa kupimia pawe Yerusalemu. Wote wangesogea kidogo, na hapo ndipo kila mmoja anapomwangalia mwenzake aanze yeye. Mwaka jana, miaka 1700 ya Nikea, majedwali yaliafikiana yenyewe kwenye Aprili 20, na Papa Fransisko akafariki kesho yake, Jumatatu ya Pasaka ambayo kwa mara hiyo ilikuwa ya wote.

Hata Kiswahili chenyewe kinatushikilia pamoja. Askofu ni episkopos wa Kigiriki aliyepitia kwa Waarabu, Injili ilipita njia hiyo hiyo, Kwaresima na padre vimetoka Magharibi kwa Kilatini na Kireno. Mlutheri wa Kilimanjaro na Mkatoliki wa Bukoba hawana neno lingine la askofu. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa Mlutheri aliyetumwa na chama cha Waanglikana, na hakuna aliyeona ajabu. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wanatokana na wafuasi wa Jan Hus, padre wa Kicheki aliyechomwa moto na Mtaguso wa Konstanz mwaka 1415, mtaguso ule ule uliomaliza ugomvi wa mapapa watatu. Ibada yao ya alfajiri makaburini, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, inaanguka kila mwaka kwenye Jumapili ya jedwali la Gregory. Anayeweza kuamka, aende akaione jua likichomoza.

Sasa tarehe, kama barua za Aleksandria zilivyomalizia. Kwa wanaofuata jedwali jipya: Ijumaa Kuu Aprili 3, Mkesha Aprili 4 baada ya giza kuingia, Pasaka Aprili 5, Kupaa kwa Bwana Alhamisi Mei 14, ingawa majimbo mengine huihamishia Jumapili ya Mei 17, Pentekoste Mei 24. Kwa wanaofuata jedwali la kale: Jumapili ya Matawi Aprili 5, Ijumaa Kuu Aprili 10, Pasaka Aprili 12, Kupaa Mei 21, Pentekoste Mei 31. Anayemkaribisha jirani Mwothodoksi Jumapili hii amwekee samaki, maana Jumapili ya Matawi wanaruhusiwa, na nyama amtunzie hadi ya 12.

Salimianeni kwa amani. Ndugu wote walio pamoja nasi wanawasalimu.